Mbabula ibaki nje: baridi katika nyumba za kupanga

(Maneno ya timu inayotembelea wanachama manyumbani, yaliyosomwa kwenye mkutano wetu wa Lubumbashi mwanzoni mwa mwezi wa sita)



Tumeombwa tuongee juu ya kutunza nyumba ya kupanga wakati huu wa baridi. Tulikuwa tumepanga kuanza na manjanja na milango. Lakini haitakuwa haki, kwa sababu kuna jambo la mwaka jana ambalo wengi wenu mnalijua na wafadhili wetu hawajalisikia. Tuanze nalo.

Mwaka jana, wakati kama huu, tuligawa mabashi. Tukawaambia watu: zibeni mahali upepo unapoingia. Tulisema hivyo tu, tukapanda gari, tukaenda. Familia moja, baba, mama na watoto watatu katika vyumba viwili, ilifanya kama tulivyosema, na ilifanya vizuri kuliko wote. Waliziba klostra zote juu ya madirisha, wakasukuma kitambaa chini ya mlango. Usiku mmoja baridi ilipokaza, wakaingiza mbabula ndani. Makala yalikuwa yameshashika, mekundu, bila moshi hata kidogo. Wakalala.

Usiku wa manane mama aliamka kichwa kinampasuka, magoti hayamshiki. Mtoto wa pili alikuwa ametapika kitandani. Mama akajikokota mpaka mlangoni, akaufungua, akaanguka nje. Kishindo hicho ndicho kilimwamsha jirani wa lupango, naye akawatoa wengine mmoja mmoja. Mtoto mdogo alikaa hospitali siku mbili. Wote wako hai, na wameturuhusu kusimulia bila kutaja jina lao.

Sasa sikieni yaliyofuata. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kutaja mbabula, lupango lote lilikuwa linaongea juu ya sumu. Jioni yake walikuwa wamekula bukari na samaki, na samaki hao walipewa na yule yule jirani aliyewaokoa. Watu watano kuugua usiku mmoja, wote kichwa, wote kutapika! Wengine wakasema sumu, wengine wakasema bulozi. Mwanamke aliyevuta watoto wa wenzake nje ya kifo ndiye aliyekuwa anatazamwa vibaya kwenye bomba la maji. Ilichukua wiki kadhaa salamu kurudi. Ni daktari aliyeuliza kwanza kama walikuwa na moto ndani. Mama akamjibu: "Ndiyo, tulifunga juu ya baridi ya batoto. Ni ba ONG walituambia tufunge."

Ba ONG ni sisi. Hatukuwaambia waingize mbabula, hiyo ni kweli, lakini tulipita nyumbani mwao, tukaiona mbabula kando ya mlango, na hatukuuliza watalala vipi.

Makala yanapoungua yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka bila kupeleka hewa nzuri kwenye ubongo na moyo. Watoto na mama wenye mimba wanaumia zaidi. Moshi kuisha hakumaanishi hatari imeisha: yale makala mekundu, mazuri, yanayotufurahisha, yanaendelea kutoa hewa hiyo mpaka yazimike kabisa. Kuweka sufuria ya maji juu yake hakuiondoi. Kufunika na majivu hakuiondoi. Mkiamka wote na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, na ukitoka nje unapata nafuu, usitafute mchawi. Toa watu wote nje, acha mlango wazi, peleka wagonjwa hospitali, na mwambie daktari kwamba kulikuwa na moto wa makala ndani. Bila kuambiwa hivyo anaweza kutibu malaria.

Tumejiuliza kwa nini jambo hili linatupata sana sisi tuliorudi. Wengi wenu mliishi Zambia, Meheba au Kala au Mwange, na kule mbaula mliitumia kila siku. Lakini nyumba zenu nyingi kule zilikuwa na paa la nyasi. Nyasi zinapumua, hewa inapita juu kwa juu. Hapa mjini umepanga nyumba ya matofali na sementi, manjanja juu, mara nyingine na plafo, na dirisha dogo ambalo mwenye nyumba amelipigilia misumari kwa kuogopa wezi. Desturi ni ile ile, nyumba si ile ile. Na baridi ya hapa haina mchezo: Lubumbashi iko juu zaidi ya mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digrii 10.

Basi tufanye nini? Moto upashwe nje. Pika nje, kuleni karibu na moto, kisha chemsha maji ya mwisho. Yaache yapoe kidogo, tia katika bido ndogo, funga vizuri, zungushia kitambaa, weka miguuni pa watoto. Baridi kubwa inatoka chini, si juu: weka makartoni au mkeka mzito chini ya godoro. Nyufa za ukuta zibeni na udongo, kitambaa chini ya mlango hakina shida, lakini klostra za juu ziacheni wazi. Asubuhi jua likitoka fungueni kila kitu na muanike mablanketi, kwa sababu pumzi zetu zinagandamana chini ya manjanja na kudondoka, na blanketi lenye unyevu halipashi mtu. Resho ya umeme nayo msiiache imechomekwa umeme ukikatika. Unaweza kurudi mmelala, na nguo iko juu yake.

Juu ya mwenye nyumba, tunasikia malalamiko kila wiki. Mtu anatengeneza dirisha kwa pesa yake, halafu siku ya kuhama garanti inakatwa eti ukuta umekuwa mweusi na moshi. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Matengenezo makubwa, kama paa, ni ya mwenye nyumba. Lakini kwenda kumpigia kelele za sheria usiku hakusaidii, tumejaribu. Kinachosaidia ni karatasi. Mkiingia, andikeni pamoja hali ya nyumba, kioo kilichovunjika, ufa, manjanja yaliyotoboka, wote wawili mtie sahihi. Ukikubali kutengeneza wewe na pesa ikatwe kwenye kodi, iandikwe kabla ya kununua hata msumari mmoja. Na paa litengenezwe sasa, wakati wa ukavu. Mvua zikianza, fundi wote wana kazi na bei inapanda.

Kwa ninyi wafadhili: mwaka huu hatuombi mabashi tena kwa ajili ya familia zinazopanga. Tunaomba mablanketi na mikeka mizito, na pesa kidogo za waya wa mbu wa kuweka kwenye klostra, ili mtu asizizibe kwa sababu ya mbu. Najua bashi inapendeza kwenye picha. Waya hauonekani.

Jumamosi hii tutaanza kupita katika malupango tukiwa na ngazi na fundi mmoja. Yule mama wa mwaka jana amekubali kutembea nasi, pamoja na jirani yake. Anayetaka tupite kwake aache jina kwa katibu leo kabla ya kutoka, na aseme pia kama mwenye nyumba anakaa ndani ya lupango au mbali.