KUPATA KAZI NI KIMOJA, KUBAKI NAYO NI KINGINE
Maneno ya mjumbe wa kamati ya mikopo, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu



Kamati ya maandalizi iliniambia nizungumzie ajira za watu wenye ulemavu. Nikauliza, mbona mimi? Wakauangalia mguu wangu huu wa bandia, wakacheka. Na mimi nikacheka, nikakubali.

Tuanze na sheria, maana haki usiyoijua hunyang'anywi, unaiacha mwenyewe. Jambo hili si geni. Mwaka 1982 nchi yetu ilitunga sheria ya ajira kwa walemavu, kama walivyoitwa wakati ule. Mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 50 alitakiwa awe na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria Na. 9, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hiyo ikapandisha kiwango: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na asilimia 3. Yaani penye watu 100, wasipungue watatu.

Nyie wenye vijana wanaoomba kazi serikalini, someni matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mpaka chini. Mtakuta waombaji wenye ulemavu wanahimizwa waombe, na wanatakiwa waeleze ulemavu walio nao. Msiwaambie watoto wafiche.

Lakini jamani, ile asilimia 3 ni habari ya mlangoni. Ukishaingia, utakaa? Hapo ndipo nataka tuongee.

Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya umma. Mwaka 2012 nilipata ajali ya daladala, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Mwaka uliofuata nikarudi kazini kwa magongo. Masjala ilikuwa ghorofani. Bosi wangu, mtu wa huruma kabisa, akaniita ofisini kwake akasema, "Mama, umeteseka vya kutosha. Pumzika. Tutakuandikia ustaafu kwa sababu za kiafya." Alisema kwa upole, hata soda aliniagizia. Nilikuwa na miaka 51, na watoto wawili wako sekondari. Nikatoka pale sijui nilie au nishukuru.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa ofisi, mama mtu mzima. Alisema mbele ya watu, "Kwani mafaili yanasomwa kwa mguu?" Chini kulikuwa na chumba cha kutupia viti vibovu. Viti vikatolewa, ikaingia meza yangu na makabati mawili, na fundi akachomelea bomba la kushikia kwenye ngazi tatu za mlangoni. Gharama yote ikaishia hapo. Nikafanya kazi miaka tisa mingine, nikastaafu mwaka 2022 nikiwa na miaka 60, kwa wakati wangu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sheria ilikuwa upande wangu tangu mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Na ile ya 2010 inamtaka mwajiri asimbague mtu huyo, na arekebishe mazingira ya kazi yamfae. Basi shikeni haya mawili. La kwanza, anayeachishwa kazi kwa uonevu katika kampuni ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msikae mkilia nyumbani mpaka siku zikapita. La pili, anayeumia kazini ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayeuchangia mfuko huo ni mwajiri, mshahara wako haukatwi.

Sasa mnisamehe, maana leo ni sherehe. Ila sherehe isiyo na ukweli ni makofi tu.

Mnakumbuka mwaka wetu wa nne alikuja fundi cherehani mmoja, kiziwi, akaomba kujiunga. Tukasema, atasikiaje mkutano? Nani atakaa kumweleza? Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mimi huyu, mwenye mguu mmoja, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na yenu. Eti tunamhurumia asije akasumbuka. Yalikuwa maneno yale yale ya bosi wangu, tena bila soda.

Hisa zetu tunazihesabu kwa macho. Daftari linasomwa kwa macho. Kasha lina kufuli tatu, hata moja haifunguliwi kwa masikio. Na hizi sare tulizovaa leo, nani kashona? Ni yeye. Tulimwonyesha kwa vidole tunavyotaka, akatuelewa wote thelathini, na sijaona gauni lililombana mtu hapa.

Mwaka huu tunaanza mradi wa sabuni, na tutaajiri watu wanne. Sheria ya asilimia 3 haitugusi, hatufiki 20. Lakini wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hilo linamgusa kila aliyeketi hapa. Kwa hiyo naomba mkutano mkuu ujadili mambo manne.

Kwanza, tangazo letu la kazi liseme wazi kwamba wenye ulemavu wanakaribishwa. Pili, meza na mlango wa karakana vitengenezwe tangu sasa vimfae mtu wa magongo au wa baiskeli ya magurudumu, maana kubomoa baadaye ni ghali. Tatu, katiba yetu iandike kwamba mwanachama akipata ulemavu, hisa zake na cheo chake vinabaki.

La nne linahusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Sisi tunaomba katika ile asilimia 4 ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024, na ndani yake imo asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Wako majirani zetu wanaotuona tukikopa, wala hawajui kuwa fungu lao lipo. Tuwaambie, na tuwasaidie kujaza fomu.

Yule fundi bado yuko pale karibu na soko. Keshokutwa nitamfuata na fomu ya kujiunga. Sitaki kwenda peke yangu. Anayekuja nami anyooshe mkono, na safari hii tunyooshe kwa jambo jema.