Viazi vya Kizungu na Baridi ya Bondeni

Sikieni, ninyi mnaolima juu milimani. Huku Bukavu, mita karibu 1,500, umande haugandi. Lakini kupita mita 2,000, wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, usiku usio na mawingu baridi huweza kutelemka kama maji, ikatuama bondeni. Umande ukiganda juu ya viazi, asubuhi majani ni meusi, kama yamepikwa.

Basi msipande bonde la juu mwezi wa Mei. Pandeni kwenye mtelemko, ambapo baridi hupita tu, mvua za Septemba zikianza. Miezi mitatu au minne, mtachimba. Na wewe mama, mume akiwa machimboni Kamituga, usimngoje, mvua haimngoji.