ADUI ASIYE NA JINA
Hotuba juu ya michezo ya video ya mapigano na malezi ya dhamiri





Mada niliyopewa inahusu michezo ya video yenye mapigano ya kikatili. Huenda baadhi yenu mnajiuliza inahusianaje na kazi ya Tume ya Haki na Amani, ambayo tumezoea kuiona ikishughulikia migogoro ya ardhi, haki za wafungwa na elimu ya uraia. Jibu langu ni fupi. Amani huanzia katika namna mtu anavyomtazama adui yake, na vijana wetu wengi hukutana na adui kwa mara ya kwanza katika kioo cha televisheni, cha kompyuta au cha simu. Anayelea dhamiri hana budi kujua wanachokiona humo.

1. Mchezo wenyewe

Nichukue mfano mmoja, ili tusizungumze kwa nadharia tupu. Mwaka 2014 kampuni ya CI Games ya Poland ilitoa mchezo uitwao Lords of the Fallen. Mwaka 2023 ukatoka mwingine wenye jina lilelile, uliotengenezwa na Hexworks, studio ya kampuni hiyohiyo. Mwezi Agosti 2025, wakati wa maonyesho ya Gamescom huko Cologne, Ujerumani, ikatangazwa sehemu inayofuata, Lords of the Fallen II, nayo ikaahidiwa kutoka mwaka 2026.

Ni hadithi ya kubuni juu ya ulimwengu wa giza. Katika mchezo wa mwaka 2023, mungu wa mashetani aitwaye Adyr anataka kurudi kutawala. Mchezaji hubeba silaha pamoja na taa ya ajabu inayomwezesha kuvuka kutoka nchi ya walio hai kwenda nchi ya wafu. Sehemu mpya ilipotangazwa, kilichonadiwa hasa kilikuwa mapigano yake: makali kuliko ya kwanza, yenye ukatili zaidi, na viungo vya adui vikikatwa mbele ya macho ya mchezaji. Hapo ndipo penye jambo letu. Ukatili umetajwa kama sifa ya bidhaa, kama vile muuza nguo anavyosifu rangi isiyochuja.

2. Tusiseme yasiyo kweli

Haki hutudai kwanza tuseme kweli, hata juu ya kitu tusichokipenda. Wapo wanaohubiri kwamba kijana akicheza mchezo wa namna hii atatoka na kuua. Hilo halijathibitishwa. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba upo uhusiano mdogo kati ya michezo hii na tabia za ukali, kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na mauaji. Tukimtisha kijana kwa jambo ambalo yeye mwenyewe anaona halipo, hatatuamini tutakapomwambia lililo kweli.

Wala hadithi za mapigano hazikuanza jana. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita na jeshi la mfalme Herekali. Nani kati yetu hakusimuliwa utotoni habari za zimwi lililomeza kijiji kizima, mpaka akatokea shujaa wa kulipasua tumbo? Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipobatilisha mwaka 2011 sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya kikatili, ilitoa hoja inayofanana na hiyo: kwamba vitabu wanavyosomewa watoto tangu zamani vina damu nyingi.

Tukumbuke pia kwamba michezo ya aina hii ni migumu. Mchezaji hushindwa mara nyingi, huanza upya, hujifunza kusubiri na kupima hatua. Kijana anayetueleza kwamba anajifunza uvumilivu hasemi uongo, na tumsikilize.

3. Damu siyo kiini cha tatizo

Basi tatizo liko wapi? Historia ya michezo hii inatusaidia kuliona. Mwaka 1992 ulitoka mchezo wa Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumuua kikatili aliyekwisha kushindwa. Ulipotolewa mwaka 1993 kwa mashine ya Super Nintendo, damu iliondolewa, mahali pake pakawekwa kitu cha kijivu kama jasho. Desemba ya mwaka huohuo Maseneta wa Marekani walifanya kikao cha hadhara juu ya michezo hiyo, na mwaka 1994 ikaundwa bodi ya kuipanga kwa umri, iitwayo ESRB. Ulaya ikaanzisha utaratibu wake, PEGI, mwaka 2003.

Utaratibu huo wa umri ni mzuri, nami nitaurudia. Lakini fikirini ile damu iliyogeuzwa jasho. Rangi ilibadilika, je, yule aliyepigwa alibadilika? Alibaki kuwa kitu cha kuangushwa. Ndiyo maana nasema damu siyo kiini. Kiini ni adui asiye na jina. Katika michezo mingi ya namna hii, anayekujia hana mama, hana kijiji, hana sababu ya kusikilizwa. Hawezi kuomba radhi, nawe huwezi kumsamehe, kwa sababu hakuna kitufe cha kusamehe. Ameumbwa ili afe, na ukirudi mahali ulipoanzia utamkuta amesimama tena, akingojea kuuawa mara ya pili.

Katika mchezo, hilo ni kanuni ya mchezo. Hatari huanza pale ambapo kijana hana mahali pengine popote anapofundishwa kumtazama adui kwa jicho lingine.

4. Jirani alipoitwa mende

Ndugu zangu, sisi wa eneo la Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda mbali kujua jicho hilo hufikisha wapi. Nchini Rwanda mwaka 1994 waliouawa kwa muda wa siku 100 hivi walikuwa wengi kupita kiasi. Umoja wa Mataifa umekadiria watu 800,000. Wauaji hawakufundishwa na michezo ya video. Walikuwa wamesikiliza redio. Kituo cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwaka 1993, kiliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mende hana jina, wala hafanyiwi matanga.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu watatu wa vyombo vya habari kwa sehemu yao katika uovu ule. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini somo halikupunguzwa: neno linalomvua mtu utu wake ni sehemu ya silaha. Nasi tuliobatizwa tukumbuke kwa unyenyekevu kwamba watu waliuawa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama, na kwamba wengi wa waliowaua walikuwa wabatizwa kama sisi. Walijua Amri ya Tano kwa moyo. Kilichokuwa kimekufa ndani yao ni uwezo wa kuona kwamba aliye mbele yao ni fulani, mtoto wa fulani.

Silinganishi mchezo na maangamizi yale. Kulinganisha hivyo kungekuwa kuwadharau marehemu. Nasema tu kwamba dhamiri ya kumwona mtu katika adui haikui yenyewe kama magugu. Hupandwa na kupaliliwa, na wapaliliaji ni sisi.

5. Sikio la Malko

Usiku ule wa Getsemane mfuasi mmoja alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu. Bwana alimwamuru aurudishe upanga mahali pake, na Mwinjili Luka anatueleza kwamba aligusa sikio lile akamponya mtu yule. Mwinjili Yohane anaongeza jambo dogo ambalo tunalipita upesi: anatuambia jina la mtumishi huyo. Aliitwa Malko.

Hakuwa mtu mkubwa. Alikuja pamoja na kundi la wakamataji, tena usiku. Hata hivyo Injili imemhifadhia jina lake mpaka leo. Kiungo kilichokatwa kilirudishwa, na adui akawa mtu mwenye jina. Hayo ndiyo mafundisho ya haki na amani kwa ufupi wake.

6. Tufanye nini?

Kwanza, wazazi, someni alama ya umri iliyoandikwa kwenye mchezo. PEGI hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18, na ESRB hutumia herufi M kwa wenye miaka 17 na kuendelea. Namba hizo hazipimi ugumu wa mchezo, zinaeleza yaliyomo. Mtoto wa miaka 10 asipewe mchezo wa mtu mzima kwa sababu tu anaweza kuumudu.

Pili, wenye vibanda vya kuchezea ni ndugu zetu, na wengine ni waamini wenzetu. Vijana wengi humo hucheza mpira, nalo si kosa. Viongozi wa jumuiya wawatembelee kwa heshima na kuwaomba michezo ya watu wazima isiwashwe mbele ya watoto. Wasiende kama askari.

Tatu, kaeni pamoja na kijana anapocheza. Papa Benedikto wa 16, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2007, aliikemea michezo ya video inayotukuza ukatili, lakini pia alisisitiza wajibu wa wazazi wa kuwafundisha watoto kuchagua. Mwulize: Huyu uliyemwua ni nani? Alitoka wapi? Kungekuwa na njia nyingine, ungeitumia? Usiulize ili umshinde, uliza ili afikiri.

Nne, na hili ni letu sote: tuchunge ndimi zetu nyumbani. Mtoto anayesikia mezani kabila fulani likiitwa nyoka, au wakimbizi wakiitwa nzige, amefundishwa jambo baya kuliko lolote atakaloliona katika mchezo wa mashetani. Mchezo huzimwa kwa kitufe. Maneno ya baba na mama hayana kitufe cha kuzimia.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, na atujalie sote macho ya kumtambua Malko.