Mali Bila Daftari: Jinsi Diski za SSD Zinavyotunza Anwani za Data

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta wa Thika na Ruiru

 

1. Utangulizi

Wiki ya mwisho ya Juni saiba za Ruiru hufurika. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kila kompyuta ina foleni yake. Katika wiki kama hiyo mama mmoja mwenye saiba aliniletea mashine iliyokataa kuwaka baada ya stima kupotea mara tatu asubuhi moja. Nilichomoa SSD yake ya gigabaiti 240 nikaichomeka kwenye mashine yangu. Ikajitambulisha kwa jina geni, na ukubwa wake ukasomeka megabaiti chache tu. Hapakuwa na harufu ya kuungua wala chipu iliyopasuka.

Nikatafuta mtandaoni programu ya kuifufua, nikaipata, nikaiendesha. Diski ikafufuka. Gigabaiti 240 zikarudi zote, zikiwa tupu. Kazi za wateja wake za miaka minne zilikwenda hivyo, kwa mkono wangu, kwa sababu sikujua nilichokuwa nikikigusa.

Nilichokigusa ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kifaa ambacho methali hii inakifaa kuliko SSD. Mada yangu inaeleza daftari hilo ni nini, linakaa katika kumbukumbu za aina gani, linaharibikaje, na sisi mafundi tulilindeje.

2. Kwa nini fleshi inahitaji daftari

Kumbukumbu ya fleshi ilibuniwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba nchini Japani. Aliitangaza mwaka 1984, na mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, ambayo ndiyo imo ndani ya SSD, kadi za kumbukumbu za simu na fleshi diski tunazouza. Sifa yake kubwa ni kuhifadhi data bila umeme. Udhaifu wake ni kwamba haikubali kuandikiwa juu ya maandishi ya zamani. Lazima ifutwe kwanza, na haifutiki kidogo kidogo.

Tuchukue jumba la kupanga, kama yale yaliyojaa Ruiru. Jumba letu lina sheria ngumu: chumba kikishakaliwa hakiingiwi tena mpaka kipakwe rangi, na rangi hupakwa ghorofa nzima kwa mpigo, wakati hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Mpangaji akitaka kubadilisha hata kitanda, anahamishiwa chumba kingine kilicho tayari, na kile cha zamani kinafungwa kikisubiri rangi. Wageni wa mpangaji huyo hawajui habari za kuhama. Wanachojua ni namba yake ya simu. Wakifika getini humwuliza keateka, naye hufungua daftari lake: namba hii sasa iko ghorofa ya tatu, chumba cha saba.

Katika SSD, chumba ndicho wahandisi wanachokiita ukurasa, ghorofa ni bloku, na keateka ni kidhibiti, ile chipu moja yenye shughuli nyingi kuliko zote. Namba ya simu ni anwani ambayo Windows au Linux inaitumia. Kompyuta inaomba anwani namba 5,000 na kuamini kwamba kuna mahali pamoja, pasipobadilika, panapoitwa 5,000. Hakuna. Leo data hiyo iko katika chipu ya kwanza, kesho baada ya kuhariri faili iko katika chipu ya tatu. Kila inapohama, kidhibiti kinaandika upya mstari mmoja wa daftari.

Ujanja huu wa kuweka mtafsiri wa anwani kati ya kompyuta na fleshi haukuanza jana. Amir Ban wa kampuni ya M-Systems ya Israeli alipata hataza yake Marekani mwaka 1995. Bila mtafsiri huyo, programu zilizoandikwa kwa ajili ya diski za sahani zisingeweza kufanya kazi juu ya fleshi.

Keateka huyu ana kazi mbili zaidi. Ya kwanza ni kuzisafisha ghorofa. Vyumba vilivyofungwa vikizidi, anachagua ghorofa moja, anawahamisha wachache waliobaki, kisha anaipaka rangi yote. Ya pili ni kugawa uchakavu. Bloku ya fleshi ya kisasa inayohifadhi biti tatu kwa seli huvumilia kufutwa mara elfu moja hadi elfu tatu hivi, basi kidhibiti huhakikisha bloku zote zinazeeka pamoja. Kazi zote mbili ni za kuhamisha, na kila uhamisho unapita katika daftari.

3. Daftari linakaa wapi?

Hapa ndipo kumbukumbu za aina mbalimbali zinapokutana.

Kwa kawaida daftari hutenga mstari mmoja kwa kila kilobaiti 4 za data, na kila mstari huchukua baiti 4. SSD ya gigabaiti 256 ina mistari 62,500,000, yaani megabaiti 250 za daftari tupu, bila data yenyewe. Ndiyo maana mafundi husema kila gigabaiti 1,000 za fleshi huhitaji gigabaiti 1 ya DRAM, ile kumbukumbu inayosahau umeme unapokatika.

Kwa nini DRAM? Kwa sababu ya kasi. Kusoma fleshi huchukua makumi ya mikrosekunde, na DRAM hujibu kwa haraka mara mia kadhaa kuliko hapo. Keateka hawezi kupanda ngazi kila anapoulizwa swali; daftari lazima liwe mkononi. Kwa hiyo SSD nzuri ina chipu ya DRAM kando ya kidhibiti. Stima ikija, daftari hupakiwa humo kutoka kwenye fleshi, na mabadiliko yake hurudishwa kwenye fleshi kila baada ya muda.

Lakini diski nyingi za bei nafuu tunazowauzia wateja hazina DRAM kabisa. Kidhibiti cha diski kama hiyo kina SRAM tu, kumbukumbu ya kasi iliyomo ndani ya chipu yenyewe, ndogo mno kubeba daftari zima. Dawa yake ilielezwa vizuri mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani: daftari zima likae kwenye fleshi, na mistari inayotumika sasa hivi ndiyo iletwe kwenye kumbukumbu ya kasi. Mtu anayefungua faili zilezile hatahisi tofauti. Anayerukaruka kwenye faili nyingi zilizotawanyika ataihisi, kwa sababu fleshi itasomwa mara mbili, kwanza kutafuta anwani, kisha kuchukua data.

Mwaka 2014 kanuni za NVMe toleo la 1.2 zilileta njia ya kati: SSD isiyo na DRAM huazima kipande cha RAM ya kompyuta. Ikipewa megabaiti 32, inaweka humo mistari milioni 8, inayotosha kuhudumia gigabaiti 32 hivi za data. Kwa kazi za ofisini hiyo inatosha sana. Fundi akumbuke tu kwamba njia hii ni ya NVMe; SSD za SATA zisizo na DRAM hazina pa kuazima.

Simu na tabuleti ziko upande huohuo. Mwaka 2016, serikali ilipoanza kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa shule za msingi, Chuo Kikuu cha JKUAT kilicho hapa Juja, katikati ya miji yetu miwili, kilishirikiana na kampuni ya Positivo BGH kuwa mmoja wa wagavi wawili wakuu. Tabuleti za bei nafuu kwa kawaida hubeba fleshi iliyogandishwa kwenye ubao, yenye kidhibiti chake na SRAM ndogo, bila DRAM yake. Tabuleti ikijaa pomoni na kuanza kujikokota, mara nyingi prosesa haina kosa. Keateka hana chumba cha kuhamishia watu.

Kuna uhamisho mwingine unaowachanganya wateja. SSD nyingi hutenga sehemu ya fleshi na kuiandika biti moja kwa seli, kwa sababu hivyo huandikika haraka. Data mpya hupokelewa hapo, kisha baadaye, diski ikitulia, huhamishiwa sehemu ya biti tatu au nne, na daftari kurekebishwa. Mteja akinakili filamu za gigabaiti 60 ataona kasi nzuri mwanzoni, halafu ishuke ghafla. Diski haijaharibika. Sebule ya mapokezi imejaa.

4. Stima ikipotea

Sote tunakumbuka usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipobaki gizani, na tena 10 Desemba mwaka huohuo. Lakini kwa SSD, kupotea kwa stima kwa dakika mbili mtaani ni sawa na kupotea nchi nzima.

DRAM na SRAM husahau umeme unapokatika. Mistari ya daftari iliyobadilika na haijarudishwa kwenye fleshi hupotea. SSD za seva huwa na kapasita zinazobakiza umeme wa kutosha kuandika mistari hiyo kabla ya kuzima. Za kawaida kwa sehemu kubwa hazina. Badala yake, kila ukurasa wa fleshi una ukingo mdogo ambapo kidhibiti huandika anwani ya mwenye data. Stima ikirudi, kidhibiti huchukua daftari la mwisho lililohifadhiwa, kisha hupita kwenye kurasa za karibuni kikisoma kingo hizo na kujaza mistari iliyokosekana. Ni kama keateka anayepita mlango kwa mlango akibisha hodi.

Kazi hiyo inahitaji muda na umeme usiokatika. Ndiyo sababu wapo watengenezaji wanaoshauri kwamba SSD isiyoonekana baada ya kuzimika ghafla iachwe na umeme peke yake kwa nusu saa hivi kabla ya kujaribiwa tena. Anayeichomoa baada ya dakika moja anamkatiza keateka ngazini.

Umeme ukikatika wakati daftari lenyewe linaandikwa, au bloku zinazolihifadhi zikichakaa, kidhibiti hushindwa kulisoma. Hapo huanguka katika hali ya dharura, na hujitaja kwa jina geni na ukubwa wa ajabu. Ndivyo ilivyokuwa diski ya yule mama. Wataalamu wenye vifaa maalum wakati mwingine huweza kulijenga upya daftari katika hali hiyo. Programu niliyoiendesha mimi ilifanya kinyume: iliandika daftari jipya tupu. Na kung'oa chipu ili zisomwe moja moja si njia rahisi, kwa maana data imetawanywa katika chipu kadhaa, imechanganywa kwa hesabu za kidhibiti, na mara nyingi imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya kidhibiti hichohicho.

5. Mapendekezo

Kwanza, mwenye saiba, duka au ofisi ashauriwe kununua UPS kabla ya kununua SSD kubwa zaidi. Laptopu ina betri inayoilinda. Kompyuta ya mezani haina.

Pili, diski isijazwe. Watengenezaji huficha asilimia 7 hivi ya fleshi kwa ajili ya kuhamisha, na mteja akiacha sehemu nyingine kati ya 10 na 20 kwa mia, keateka atapumua.

Tatu, hakikisheni amri ya TRIM inafanya kazi. Hiyo ndiyo inayokiambia kidhibiti kwamba mpangaji fulani ameondoka na mstari wake ufutwe. Windows imekuwa nayo tangu toleo la 7, mwaka 2009. Tuache pia mazoea ya kupanga upya vipande vya faili kama tulivyofanya kwa diski za sahani. Kwenye SSD tunabadilisha namba za simu tu huku tukichakaza vyumba.

Nne, laptopu za mtumba, zile tunazoziita ex-UK, zisiuzwe zikiwa na data ya mtu. Kuandika sifuri juu ya faili hakutoshi, maana sifuri zinakwenda chumba kipya na data ya zamani inabaki katika chumba kilichofungwa. Tumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ya ATA au ya NVMe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kulinda habari za mtu ni wajibu wa kisheria.

Tano, diski ikija na jina geni, simama. Mwulize mteja swali moja kabla ya jambo lolote: data au diski? Akisema data, usiendeshe programu yoyote ya kuifufua. Mwelekeze kwa mwenye vifaa vya kazi hiyo, hata kama wewe hutapata shilingi.

6. Hitimisho

Mteja anaposema "faili zangu ziko kwenye kompyuta," anachokitegemea kwa kweli ni megabaiti mia mbili na hamsini za anwani, zinazosafiri mchana kutwa kati ya kumbukumbu isahauyo na kumbukumbu ikumbukayo. Daftari hilo hatuwezi kulirekebisha kwa bisibisi. Tunachoweza ni kumhakikishia mteja umeme tulivu, nafasi ya kutosha, na nakala ya pili ya data mahali pengine.

Nawaombeni, mafundi wenzangu: kuanzia kesho, kila SSD mtakayomfungia mteja, iwe Thika au Ruiru, msimruhusu aondoke kabla hamjamwonyesha pa kuweka nakala ya pili, na kuinakili pamoja naye mara ya kwanza.