Miaka 29 Rabai: Kudumu katika Wito Usioonekana

Mada niliyopewa ni kudumu katika wito. Sitaanza kwa kueleza maana ya neno wito, maana kila aliyekaa humu ndani alishaulizwa swali hilo siku ya usaili wake. Nawapeleka Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, kwa mtu ambaye wengi tunamjua kwa jambo moja tu, theluji ya Kilimanjaro.

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akatumwa na shirika la misheni la CMS la Uingereza. Alifika mwaka 1846 na kumkuta mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga pale Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani na kiongozi wake Bwana Kheri, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Wasomi wa London ambao hawajawahi kufika huku walimbishia kwa miaka. Vitabu vingi humwachia hapo. Mimi naona habari ya wito wake inaanzia hapo hapo wanapomwachia, kwa sababu alikaa hadi 1875.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya ikiwa imemshinda. Yeye alitamani mlolongo wa vituo vya misheni kukata bara zima. Rebmann aliona afadhali kutulia mahali pamoja, kujua lugha na kufundisha wachache. Walitofautiana, nami sisemi mmoja alikosea. Ila anayetulia hudhaniwa amelala. Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walimfikia Kisuludini, pale pale Rabai, wakielekea kwenye safari ambayo ingempa jina kubwa kuliko hata ule mlima. Hakwenda nao. Vita vya Wamaasai vilipomkimbiza hadi Unguja, alirudi kwenye kituo chake. Mwaka 1866 alimzika mkewe Emma. Na miaka yote hiyo waumini wake walikuwa wachache mno.

Basi alikuwa akifanya nini? Alikuwa akikusanya maneno. Aliandika maneno ya Kiswahili, ya Kinyika, na ya lugha ya Nyasa aliyofundishwa na Salimini, mtu aliyetekwa huko bara na kuletwa pwani utumwani. Hebu waoneni wawili hao wamekaa, mmoja anauliza jina la kila kitu katika lugha ya nchi asiyowahi kuikanyaga, mwingine anajibu kwa lugha ya nyumbani alikonyakuliwa. Kamusi ya lugha hiyo ya Nyasa ilichapwa 1877. Rebmann alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Niseme la kwangu. Niliwahi kutumika mtaa wa kijijini ambako Jumapili ya mvua tulikuwa watu kumi na mmoja, mimi na mzee wa kanisa tukiwemo. Uchache ule niliuzoea. Kilichonitesa ni simu. Jioni nikiifungua nawaona wenzangu wa chuoni wamesimama mbele ya umati, na taratibu nikaanza kuandaa mahubiri kwa ajili ya watu ambao hawakuwapo. Wale kumi walikuja na njaa yao, wakarudi nayo. Sikuzini, sikuiba sadaka, wala hakuna aliyeniita kwenye kikao cha nidhamu. Lakini wito wangu ulikuwa umeshahama, mwili ukabaki madhabahuni. Ndiyo maana habari ya Rebmann na Salimini inanigusa kuliko ya Rebmann na mlima.

Hata hivyo tusimgeuze Rebmann kuwa fimbo ya kuwachapia wainjilisti wanaolalamika. Miaka ya mwisho alikuwa kipofu. Mtu mpweke, mgonjwa, aliyefiwa, haonekani kuwa mwaminifu tu. Anaonekana pia kuwa ameachwa. Paulo mwenyewe, karibu na mwisho wake, alimwandikia Timotheo aje upesi na asisahau joho. Aliyemaliza mwendo bado alihitaji nguo ya baridi na mtu wa kuileta. Ninyi mnaogawa vituo, uaminifu wa mtu mliyempeleka kijijini uko mikononi mwenu pia.

Rebmann alipoondoka hatimaye, aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wale wachache.

Tunapoingia kwenye vikundi, naomba swali la kwanza lisiwe la kiroho sana. Chukueni orodha ya mitaa ya mbali, na mbele ya kila jina andikeni nani atakwenda kulala huko usiku mmoja kabla ya Krismasi.