Mwalimu wa Historia na Mizani ya Ushahidi Kabambare

Katika mfumo wa elimu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, diploma ya Serikali, yaani cheti cha mtihani wa kitaifa unaohitimisha masomo ya sekondari, ikipatikana katika mkondo wa ualimu humwezesha mwenye nayo kufundisha shule ya msingi, lakini anayekusudia kufundisha historia na sayansi za jamii sekondari hutarajiwa kuendelea na Taasisi ya Juu ya Ualimu, kama ile ya Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema. Huko husoma somo lenyewe pamoja na didaktiki, yaani maarifa ya namna ya kulifundisha, kisha hupelekwa darasani kwa mazoezi, akishika karatasi ya maandalizi yenye malengo, maswali na muhtasari wa ubaoni, huku mkufunzi akimfuatilia kutoka dawati la nyuma.

Kwa Kabambare, mji wa mkoa huohuo, mafunzo hayo yana uzito wa pekee, kwa kuwa mji huo ulikuwa kituo cha misafara kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika, na ulitekwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwaka 1894, baada ya Kasongo kuanguka mwaka 1893. Mwalimu atakayelifundisha tukio hilo kwa haki ni yule aliyezoezwa kulinganisha maandishi ya maofisa wa kikoloni na masimulizi ya wazee, wakiwemo wajukuu wa waliofanya biashara ya watumwa na wa waliouzwa. Bila mizani hiyo, cheti hubaki karatasi tu.