Uzuri Wenye Kuhitaji Uangalizi



Katika hotuba hii napenda kueleza machache juu ya nyasi ziitwazo pampas. Asiyepata kuziona na afikirie matete marefu, yenye mashuke makubwa meupe juu yake, laini kama manyoya ya ndege. Hufikia urefu wa mita 3, na kingo za majani yake hukata kama msumeno.

Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Argentina, Uruguay na Brazil. Mnamo mwaka 1848 zilipelekwa California, Marekani, na ilipofika 1874 zilikuwa zikipandwa huko kwa biashara, kwani mashuke yake yalipendwa sana kwa kupambia nyumba. Tena mwaka 1946 zilipandwa makusudi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulisha mifugo.

Sasa tutazame yaliyofuata. Shuke moja laweza kubeba mbegu hadi 100,000, nazo ni nyepesi mno, upepo huzichukua mbali. Nyasi zikatoka bustanini, zikashika kando za barabara na matuta ya mchanga ya pwani. Zikaisonga mimea ya asili, na majani yake makavu yakawa kuni za moto wa nyika. Leo New Zealand imekataza kuziuza, Hispania ilizipiga marufuku mwaka 2013, na Afrika ya Kusini sheria inazihesabu miongoni mwa mimea vamizi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Katika nyasi hizi yako mashina ya kike, na yako yenye chavua. Shina la kike, ambalo ndilo lenye mashuke mazuri zaidi, likiwa peke yake halizai mbegu. Lakini jirani akipanda lenye chavua, ua wako nao huanza kutawanya mbegu. Hivyo basi, hakuna awezaye kusema: Hii ni bustani yangu, haimhusu mtu.

Kwa hiyo, aliye nazo ayakate mashuke kabla mbegu hazijakomaa, ayafunge mfukoni, kisha ang'oe shina pamoja na mizizi yake, akivaa glavu. Na anayetaka kupanda mmea mgeni asiulize tu kama ni mzuri. Aulize kwanza mbegu zake zitaangukia shamba la nani.